Forester ya Turbo na Hesabu ya Hewa ya Mlimani

Ziegeshe ubavu kwa ubavu Subaru Forester mbili za mwaka 2015, zote za soko la Japani, na mpita njia hatageuza shingo. Ni magari ya familia: yameinuka, yana vioo vipana na buti linalomeza magunia pamoja na baiskeli ya mtoto. Lakini moja ina injini ya FB20 yenye nguvu za farasi 148, na mwenzake, 2.0XT, ina FA20 ya turbo yenye nguvu za farasi 280. Ujazo ni ule ule, lita 2. Kwa nje utaona bampa la mbele lenye matundu makubwa zaidi, rimu za inchi 18 na bomba mbili za eksozi. Basi.

Forester za turbo za zamani zilijitangaza zenyewe. Boneti ilikuwa na pua, lile tundu linaloshusha hewa kwenye intakula, kipozeo cha hewa ya turbo, iliyolala juu ya injini, na dereva aliyeiona kwenye kioo cha nyuma alijua anapisha nini. Kizazi cha nne kilipotoka Japani mwishoni mwa 2012, wahandisi waliiondoa pua hiyo. Intakula ilibaki pale pale juu ya injini, ila hewa yake sasa huingilia kwenye grili na kupita katika njia iliyofichwa chini ya boneti. Kwangu mimi hapo ndipo Forester ilipokamilika kama gari la kasi lisilo na sura ya kasi.

Wanunuzi wengi huishia kwenye ile 280, na hapo ndipo wanapokosea. Namba hiyo hupatikana injini ikizunguka mara 5,700 kwa dakika, na mtu anayepeleka watoto shule hafiki huko kwa wiki nzima. Namba ya kusoma ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha: Nm 350, zinazopatikana kuanzia mizunguko 2,000 hadi 5,600 bila kushuka. Ukizidisha torki hiyo kwa mizunguko 2,000 na kubadili vipimo, unapata kama farasi 100, wakati injini bado inanong'ona. Sasa chukua ile FB20 ya kawaida: torki yake ya juu kabisa ni Nm 196, nayo huifikia kwenye mizunguko 4,200. Hapo inatoa farasi 117 hivi, kwa kelele nyingi. Kwa maneno mengine, XT inapoanza tu kuvuta pumzi tayari inakaribia kazi ambayo ndugu yake huifanya kwa kujikamua.

Hilo halikuja kwa bahati. Turbo ya FA20 imewekwa chini, upande wa mbele wa injini, karibu na milango ya moshi, ili moshi uifikie ungali na joto na msukumo. Njia ya moshi ndani yake imegawanywa mara mbili ili mapigo ya silinda moja yasivuruge ya nyingine. Mafuta hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, yakapoza hewa mle mle, na ndiyo maana injini hii inahimili mbano wa 10.6 kwa 1 ingawa ina turbo. Kila uamuzi hapo ulilenga kuleta nguvu mapema.

Kisha kuna jambo ambalo vipeperushi vya Japani havilitaji: hewa yetu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Eldoret imepita 2,000, na Mbeya iko kama 1,700. Kwenye mita 1,800 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 16 kuliko ya pwani, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho, kwa sababu haina namna ya kuvuta hewa isiyokuwepo. Turbo inayo namna. Huongeza mzunguko wake ikairudishia injini sehemu kubwa ya shinikizo lililopungua. Hailipi yote: inachelewa kidogo kuamka, na hewa inayotoka kwake huwa na joto zaidi. Hata hivyo pengo linabaki dogo.

Pima hilo kwa Toyota Mark X, mshindani wake wa kweli katika barabara zetu. Mark X ya kizazi cha pili, ya 2009 na kuendelea, huja na injini ya lita 2.5 yenye farasi 203, au ya lita 3.5 yenye farasi 318, ndani ya bodi karibu ile ile. Dar es Salaam, usawa wa bahari, Mark X ya 3.5 ni gari kali kuliko Forester, wala sioni haja ya kubisha. Ipandishe hadi Nairobi: zile 318 zinabaki kama 267. Uzito wa magari haya mawili haupishani sana, kwa hiyo faida yote ya kwenye karatasi imekwisha kabla hujafika Limuru. Juu ya hapo, torki ya Mark X hufika kileleni kwenye mizunguko 4,800, na nguvu hiyo yote huenda kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Kwenye mteremko wa Kinungi, mvua ikinyesha na lori mbele yako, gari linalosukumwa na magurudumu manne na kuvuta kuanzia mizunguko 2,000 humaliza kulipita lori mapema zaidi. Sekunde unazokaa upande usio wako ndizo kipimo cha kasi ninachokijali.

Giaboksi ya XT, CVT ya mnyororo, inawaudhi wapenzi wa gia za mkono, nami naelewa kwa nini. Sauti ya injini hupanda na kukaa palepale. Lakini kiufundi inaitumikia vizuri torki ile pana, na ukiiweka katika hali ya S# hujigawa kuwa hatua 8. Anayetaka kubadilisha gia mwenyewe atafute SG9, Forester STI iliyoanza kuuzwa 2004: lita 2.5, farasi 265, gia 6 za mkono na breki za Brembo. Ni gari la kusisimua sana. Injini yake ni ya familia ya EJ, ukoo ule ule uliompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000. Ila ina pua, na wezi wa vipuri nao wana macho.

Ukienda kununua, anza na msimbo wa chesisi, maana nembo hubandikwa. SJG ni XT. SJ5 ni ile ya farasi 148 hata kama nyuma imeandikwa vingine. Mark X ya 3.5 ni GRX133. Kwa Forester ya kizazi cha tatu msimbo SH5 hautoshi, kwa kuwa uliwekwa kwa ya turbo na isiyo na turbo; hapo ifungue boneti.

Sisitiza injini iwashwe ikiwa baridi, asubuhi, kabla muuzaji hajaipasha. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Kwenye EJ uliza taiming belti ilibadilishwa lini, kwani hustahili kubadilishwa kila kilomita 100,000. FA20 hutumia mnyororo. Pistoni za EJ ya lita 2.5 zinajulikana kupasuka kingo za ringi pale mtu alipoongeza shinikizo la turbo kwa programu huku akitia petroli hafifu, kwa hiyo fundi apime mbano wa silinda zote nne kabla hujatoa hata shilingi ya amana. Omba karatasi ya mnada wa Japani ulinganishe kilomita. Angalia pia matairi: manne ya aina moja na yaliyolika sawasawa, kwa sababu tairi moja jipya kati ya matatu makuukuu huutesa mfumo wa magurudumu manne siku nzima.

Mtu wa Tanga au Mombasa asiyepanda milima, ningemwambia achukue Mark X ya 3.5 na asijute. Wa Nakuru, Iringa au Eldoret namwelekeza kwenye SJG, ya rangi ya fedha ikipatikana, yenye historia ya oili iliyoandikwa.