Oda imefika, simu imelala

Niseme mapema: kengele inayoiamsha programu kila dakika iulize seva kama kuna oda mpya ni kosa. Mliotazama onyesho la programu ya oda za maduka mliona oda zikiingia papo hapo, watu wakapiga makofi. Mimi macho yalikuwa kwenye waya. Simu ilichomekwa kwenye laptopu mwanzo mpaka mwisho, na Android iliyo kwenye chaji haiingii Doze, ule usingizi wa kuokoa betri. Nimelalamikia maonyesho ya waya kwenye safu hii hadi nimechokwa.

Haya, simu hiyo mpeni mwenye duka. Ipo juu ya kaunta, haina chaja, skrini imezimwa, haisogei: ndiyo masharti ya Doze tangu Android 6 ya mwaka 2015. Muda si mrefu programu inakatiwa intaneti. Kufuli ya kuizuia prosesa isilale, waliyojivunia sana jukwaani, mfumo unaipuuza. Kengele nayo? Hata ile aina inayoruhusiwa kulia ndani ya Doze hupewa zamu moja kwa takriban dakika 9. Kwa hiyo "kila dakika" imebaki kwenye msimbo tu. Mteja ameagiza kreti tatu za soda, duka halina habari, na mteja keshavuka barabara kwa jirani.

Kuhifadhi oda ndani ya simu na kuiachia WorkManager ya Android izipeleke mtandao ukirudi, hapo wamefanya vizuri.

Lakini oda mpya haingoji. BlackBerry walilielewa hili zamani: seva ndiyo iliyosukuma barua pepe, simu haikuhangaika kuuliza kila mara. Leo njia ipo, ni Firebase Cloud Messaging: ujumbe wa kipaumbele cha juu hupenya Doze, huiamsha programu kwa muda mfupi, arifa ikalia. Waliikwepa wakajenga saa yao wenyewe.

Ugomvi wangu na watengenezaji wa simu wanaoongeza wauaji wao wa programu juu ya Doze nauweka kiporo. Hapa kosa ni la waandishi wa programu.

Ndugu zangu, kabla ya onyesho lijalo chomoeni waya, zimeni skrini, iacheni simu mezani saa nzima bila kuigusa. Kisha tumeni oda moja.