Punki kupitia sikio la mama

Filamu nyingi za vijana na muziki hukimbilia jukwaani: gitaa linanguruma, jasho linatiririka, kijana anajitambua mbele ya umati. Katika *20th Century Women* (2016), Mike Mills kaikwepa njia hiyo. Tuko Santa Barbara, California, mwaka 1979, na anayebalehe ni Jamie, mvulana wa miaka 15. Lakini sikio tunaloazimwa ni la mama yake, Dorothea, mwenye miaka 55, aliyekulia enzi za mdororo mkuu wa uchumi na asiyeona kosa la jazi ya zamani. Uamuzi huo ndio unaoibeba filamu nzima.

Tazama onyesho la santuri ya kundi la punki The Raincoats. Dorothea (Annette Bening) anausikia mlio huo na kuuliza, bila kejeli, kama waimbaji wenyewe wanajua kuwa hawajui kupiga. Abbie, mpangaji wake mpiga picha (Greta Gerwig), anamfafanulia: wana hisia kubwa kuliko ufundi walio nao, na utamu uko hapo hapo. Mwongozaji mwingine angetuletea somo la historia ya punki. Mills kaliingiza ndani ya ubishi wa nyumbani, na mtazamaji anayeziba masikio naye kapata wakili.

Baadaye Dorothea na mpangaji mwingine, fundi William (Billy Crudup), wanajaribu kuzielewa santuri za kijana. Ikipigwa Black Flag, miili yao haijui ielekee wapi. Ikipigwa Talking Heads, mabega yanaanza kufuata. Tofauti ya makundi hayo mawili, ambayo vijana wa siku hizo walikuwa wakitukanana kwa ajili yake (gari la Dorothea lenyewe linapakwa rangi kwa matusi hayo), tunaielewa kwa kuwatazama watu wazima wawili wakihangaika kucheza. Hakuna anayehitaji kutufafanulia.

Ufundi mwingine uko kwenye wakati. Wahusika wanasimulia huku wakiyajua yajayo. Dorothea, sigara ingali mkononi, anatuambia kuwa saratani itamuua mwaka 1999, na kwamba hao walio naye hawajui kuwa punki inakwisha na Reagan yuko njiani. Ndiyo maana mhariri Leslie Jones anaweza kupachika picha mnato za zama hizo na vipande vya *Koyaanisqatsi*, filamu ambayo mwaka 1979 ilikuwa bado haijaonyeshwa, bila mambo kugongana: anayekumbuka ameshayaona yote. Hata hotuba ya Rais Carter ya Julai 1979, kuhusu taifa lililopoteza kujiamini, inapata uzito hapo. Wageni sebuleni wanaona mtu kajimaliza kisiasa. Dorothea peke yake anaona uzuri.

Si kila hila inafanikiwa. Magari yanayokwenda kasi huku yakiacha mikia ya rangi za upinde wa mvua yanapendeza mara ya kwanza, kisha yanageuka pambo. Na kuna gharama kubwa zaidi. Mills alimchora Dorothea kutokana na mama yake mzazi, na mapenzi hayo yanaonekana: kila mwanamke nyumbani humo ana historia, hofu na ucheshi wake. Jamie (Lucas Jade Zumann) anasikiliza, anatumwa, anafundishwa. Filamu ikiisha nilijua mama yake anavyocheza muziki, ila sikuwa na hakika yeye mwenyewe anautaka kwa ajili ya nini.