Ndoo ya Chakula Kichachu

Vifaranga wengi wanaokuzwa Lubumbashi huingia mjini kupitia Kasumbalesa, wamepangwa ndani ya makatoni, wakiwa na umri wa siku moja au mbili. Wametotolewa na mashine huko Zambia. Hawajawahi kulala chini ya mbawa za mama, wala kuchakura anapochakura yeye na kudonoa penye kinyesi chake. Hilo la mwisho ni hasara kubwa kuliko linavyoonekana. Kifaranga wa kienyeji hupata bakteria wema kutoka kwa mama yake tangu siku za mwanzo, nao hukalia nafasi ndani ya utumbo kabla wabaya hawajafika. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Finland, Nurmi na Rantala, waliwapa vifaranga wachanga bakteria waliotoka matumboni mwa kuku wazima, na vifaranga hao wakaweza kujikinga na salmonela. Utumbo mtupu ni mlango wazi.

Njia rahisi ya kuulinda mlango huo ni sacheti ya unga wa njano, oksitetrasaiklini, inayokorogwa ndani ya maji ya kunywa hata kama hakuna kuku mgonjwa. Desturi hiyo ina umri wa miaka zaidi ya 70: mwishoni mwa miaka ya 1940, Stokstad na Jukes huko Marekani waligundua kwamba mabaki ya utengenezaji wa antibiotiki yalifanya vifaranga wakue haraka. Sweden ilipiga marufuku dawa za kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukakamilisha katazo hilo mwaka 2006. Sababu ni ileile inayotuhusu sisi: bakteria aliyezoea dawa bandani hufika jikoni, na kutoka jikoni hufika kitandani mwa mgonjwa.

Mimi namstahi mfugaji anayeiacha sacheti hiyo na kushika ndoo. Kazi yake huanzia kwenye gunia la mahindi. Huingiza mkono hadi katikati, hutoa punje, huzivunja kwa meno, huzinusa. Zenye ukungu hazipiti, maana aflatoksini haisafishwi kwa kuchachusha. Mahindi yaliyosagwa, pumba na soya iliyokaangwa huingia ndani ya ndoo ya plastiki, maji hupanda mpaka kuvifunika, halafu hufuata kikombe cha mchanganyiko wa juzi, ulio hai bado.

Hapo Katanga haihitaji mwalimu kutoka mbali. Nani hapa hajui munkoyo? Uji wa mahindi hutiwa maji ya mizizi, vimeng'enya vya mizizi huulainisha na kuutia utamu, kisha usiku huufanya mchachu. Ndani ya ndoo ya kuku kazi ni ya bakteria walewale wa asidi ya laktiki. pH ikishuka karibu na 4, salmonela hukosa pa kustawi. Mwezi wa kumi, joto linapokuwa kali, siku mbili zinatosha. Juni na Julai, usiku wa Lubumbashi unapouma, ndoo hudai siku tatu au nne, ama isogezwe karibu na mbabula, jiko la makaa. Fundi hasomi tarehe. Hufunua kifuniko, hutazama mapovu, huvuta harufu: uchachu safi unakubalika, harufu ya kuoza inamwagwa, hata kama pesa za soya zinauma. Na hugawa kidogo kidogo, kiasi kitakachokwisha mapema, kwa sababu chakula chenye maji kikiachwa kwenye jua huharibika.

Kitunguu saumu nacho kina adabu yake. Alisini, kiini cha nguvu yake dhidi ya bakteria, haimo ndani ya punje nzima. Huzaliwa pale punje inapopondwa. Anayechemsha kwanza ameua kimeng'enya kinachoizaa. Kwa hiyo hupondwa kikiwa kibichi, kikaachwa dakika chache, ndipo kikaingia ndani ya maji ya asubuhi. Majani ya moringa hukaushwa kivulini ili yabaki kijani, nayo hukipa kiini cha yai rangi nzito inayopendwa sokoni. Lakini mkono mzito hapa ni kosa: moringa ikizidi, kuku hupunguza kula na kukua. Kipimo cha majani hayo ni sehemu ndogo tu ya chakula chote.

Kinachonivutia zaidi ni macho ya mfugaji huyu. Jioni ya kwanza baada ya vifaranga kufika, hupapasa kifuko cha chakula shingoni mwa kifaranga mmoja mmoja, ajue nani ameshiba. Kila asubuhi huinama juu ya maranda ya mbao na kusoma kinyesi: kilichoshikana chenye kofia nyeupe ni cha afya, cha kahawia kinachonata hutokea mara chache kwa siku na hakitishi, chenye damu kinamsimamisha kazi zote. Mvua za Desemba zikilowesha maranda, huyageuza na kuyabadilisha. Bila kazi hiyo kitunguu saumu hakisaidii kitu.

Wala hadanganyi majirani kwamba moringa huzuia kideri. Kideri ni virusi. Kinga yake ni chanjo, na sacheti ya njano yenyewe haikiwezi. Damu ikionekana, humwita daktari wa mifugo. Akiandikiwa antibiotiki, huitoa kwa siku zote alizoambiwa, na mayai hayauzi mpaka muda wa kusubiri uishe. Baada ya hapo hurudisha chakula kichachu kwa bidii, kwa kuwa dawa imewaondoa wabaya na wema pamoja, na utumbo umekuwa mtupu tena.