Pishi ya Mahindi na Chupa ya Chumvi

Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilishusha pakiti ya unga ya kilo 2 hadi shilingi 90. Julai 2022, uchaguzi ukikaribia, ikaishusha hadi 100. Nafuu zote mbili zilikatika, na sima ikaendelea kupikwa kila jioni, Malindi hadi Marafa. Nafuu iliyo mikononi mwetu wenyewe ni kununua mahindi ya masika yanapotoka shambani, kisha kuyapeleka kisiagini.

Unga mweupe wa pakiti umekobolewa. Pumba na kiini vimebaki kiwandani, na mlaji hulipia kukoboa, pakiti na lori. Kisiagini unalipa ujira wa kusaga tu, na kilichoingia ndicho unachobeba, pamoja na kiini chenye mafuta.

Mafuta hayohayo ndiyo yanayouharibu unga. Wengi huponzwa hapa: husaga debe zima ili waokoe nauli, na baada ya wiki chache unga unanuka na sima inakuwa chungu. Punje hukaa miezi, unga haukai. Basi saga pishi moja moja. Pishi ni vibaba 4, na anayejua nyumba yake inakula vibaba vingapi kwa siku anajua pia siku ya kurudi kisiagini.

Kazi kubwa ni kuyatunza mahindi. Wagiriama huyaweka kwenye uchaga juu ya meko, moshi uyakaushe na kufukuza fukusi. Sisi wa nyumba za kupanga tuna gunia kwenye pembe ya chumba na hewa ya pwani yenye unyevu, kwa hiyo tupime. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje na chumvi iliyokauka vizuri, funga, tikisa, subiri kama dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi.

Mahindi mabichi huota ukungu, na jambo hili linanitia hofu kweli. Mwaka 2004, hasa huko Ukambani, mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu ya aflatoksini yaliua watu 125, na wengi walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani kwao.

Kwa hiyo kabla hujalipa sokoni, omba konzi ya punje kutoka katikati ya gunia, si juu, ukaitikise pembeni kwenye chupa yako ya chumvi. Muuzaji akikataa, nenda kwa jirani yake.