2023 Hatukubanwa, Mbona Tulikubali?

Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi (EPA) kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, uliotiwa saini Nairobi Desemba 18, 2023, una kasoro kubwa, na kasoro hiyo tuliibeba wenyewe. Wajumbe wetu walirudi mezani na maandishi ya 2014 ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kifungu cha ushuru wa bidhaa zinazouzwa nje kikapita.

Kumbukeni kifungu hicho kilivyopatikana. Oktoba 1, 2014 maua yetu yalianza kutozwa ushuru Ulaya. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikuguswa kwa sababu zina msamaha wa nchi maskini zaidi. Aliyeungua ni Mkenya peke yake. Oktoba 16 majadiliano yakafungwa. Matokeo yake: ukitaka kutoza ushuru mpya ili mali ghafi isindikwe nyumbani, sharti uwaarifu Ulaya, iwe kwa bidhaa chache, kwa muda maalumu, na baada ya miezi 48 baraza la pamoja, yaani Baraza la EPA, likae kuupitia.

Wa 2014 nawaelewa, moto ulikuwa unawaka. Lakini 2023 nani alitubana? Tulishatia saini 2016 sambamba na Rwanda, na maua yetu yalikuwa yakiingia Ulaya bila ushuru. Hakuna tarehe iliyotukaba koo. Wakati huo ndio uliokuwa wa kung'ang'ania kifungu kifutwe, hata kama ingechukua mwaka mzima zaidi.

Sisemi mkataba wote ni mbaya: ratiba ya miaka 25 ya kufungua soko letu ni kazi nzuri. Ubaya uko kwenye kifungu hicho cha ushuru.

Sisi wa Kwale tumeshasema, na tutasema tena, kwamba mali ghafi isindikwe nyumbani. Mchanga wa titani ulianza kupakiwa melini Likoni Februari 2014 ukiwa ghafi, mpaka uchimbaji uliposimama Desemba 2024. Korosho ghafi angalau zilizuiwa kusafirishwa 2009. Sasa macho yako kwenye Mlima Mrima hapa Kwale, kwenye niobiamu na madini adimu, na Ulaya imeshajitungia sheria ya madini muhimu mwaka 2024.

Shridath Ramphal, mjumbe wa Guyana katika mazungumzo ya Mkataba wa Lomé na Ulaya, asingekubali kifungu kama hiki. Yeye na wenzake wa nchi 46 za Afrika, Karibi na Pasifiki walitoka Lomé Februari 1975 na soko la Ulaya mkononi, bila kulazimishwa kufungua lao.

Wabunge wa Kwale, kabla ya leseni yoyote ya kuchimba Mrima kutolewa, itakeni Wizara ya Biashara ikipeleke kifungu hiki mbele ya Baraza la EPA.