Kulisoma Ua la Mlango wa Pwani Likifika Mtera

Mlango wa nakshi unaosemwa ni wa kale ukishushwa Mtera, kwenye barabara ya Dodoma na Iringa, muuzaji hukuanzia na maana za maua. Yungiyungi hili ni uzazi, mtende huu ni neema, mnyororo ule ni utumwa, au ni ulinzi, kutegemea mnunuzi anapenda lipi. Msikilize kwa adabu, kisha piga magoti, maana mlango husomwa kuanzia chini.

Katika milango mingi ya Zanzibar na Bagamoyo iliyochongwa karne ya 19, nakshi za miimo humea. Chini hukaa samaki, magamba au mawimbi. Hapo shina huchipua, likapanda likijisokota na kutoa majani na maua mpaka karibu na kizingiti cha juu. Mwimo wa kulia na wa kushoto hutazamana. Ukikuta shina limeanzia hewani, bila samaki wala mzizi, shuku msumeno: mlango huenda ulifupishwa uingie kwenye uwazi mwingine. Unaweza kuwa wa kale kweli, ila usilipie bei ya mlango mzima.

Wajapani wana nafuu tusiyokuwa nayo. Kwenye vyombo vyao vya laka, majani matatu ya mmea wa aoi ndani ya duara ni nembo ya ukoo wa Tokugawa, uliotawala mpaka 1868. Kwetu ua halitaji ukoo. Waridi lilelile hupamba mlango wa Mwarabu mwenye mashamba ya karafuu na wa Mhindi mwenye duka. Jina la mwenye nyumba, kama lipo, litafute katika maandishi ya Kiarabu ya kizingiti cha juu, pengine pamoja na mwaka wa Hijria. Ukisoma 1302, hiyo ni kati ya 1884 na 1885, enzi ya Sultani Barghash. Angalia kama herufi zina kina na weusi uleule wa nakshi zinazozizunguka. Tarehe ni kitu rahisi kuongezwa.

Kizingiti hichohicho hukupa umri hata kisipoandikwa neno. Kilichonyooka, chenye maua yaliyopangwa kwa hesabu kama ya bikari, ni mtindo wa zamani zaidi. Cha upinde, kilichosongwa na majani mpaka mbao hazipumui, ni mtindo wenye mkono wa Kihindi ulioshamiri tangu enzi ya Barghash. Mimi nauona wa kwanza kuwa bora, ingawa sokoni wa pili ndio huvuta macho. Muuzaji akikupa mlango wa upinde na kudai ni wa mwaka 1800, muulize alikoupata huo mwaka.

Ubora wenyewe umo ndani ya ua. Hesabu petali za maua mawili yaliyokusudiwa kufanana. Fundi wa patasi hayarudii sawasawa: petali moja itanenepa, nyingine itakwepa fundo la mti. Ingiza ukucha kwenye pembe za ndani. Patasi huacha pembe kali, na sakafu ya nakshi huwa na mawimbi madogo unayoyahisi kwa kidole kuliko kuyaona. Mashine ya kompyuta huacha pembe za mviringo na sakafu tambarare yenye kina kimoja, na kosa likiwa kwenye ua la kwanza utalikuta kwenye la kumi. Hakuna ubaya kununua mlango wa mashine, mradi ulipe bei ya mashine. Kisha nusa. Rangi ya kiwi cha viatu au oili chafu huuchakaza mlango kwa wiki moja, lakini harufu hubaki.

Fungua na ufunge. Ubao wa mlango wa kale huzunguka kwa vigingi vyake wenyewe, vilivyoingia kwenye matundu ya kizingiti cha juu na cha chini. Ukiona bawaba za chuma, tafuta mabaki ya vigingi. Njumu za shaba hazithibitishi chochote, zinauzwa dukani. Inasemwa kuwa Uhindini ziliwekwa kuzuia tembo, kazi ambayo Mji Mkongwe haukuwahi kuihitaji. Vijiji vya pembezoni mwa Ruaha vingeishukuru.

Kuhusu mti, msaji, mbambakofi na mfenesi ni majina utakayoyasikia sana kwa milango ya pwani. Mninga usikufanye ukimbie mara moja. Milango ya nakshi ilifuata njia ya misafara iliyokatiza Ugogo, na tembe la Kwihara karibu na Tabora, alikokaa Livingstone mwaka 1872, lina mlango wa namna hiyo. Mlango uliochongwa bara ni kitu adimu na cha kutafutwa, lakini muuzaji asikuuzie kama wa Zanzibar.

Kabla ya kutoa pesa, mwombe muuzaji akuonyeshe leseni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaitaja milango ya nakshi na miimo yake iliyochongwa kabla ya 1940 kuwa vitu vinavyolindwa. Kuifanyia biashara au kuitoa nchini kunahitaji leseni. Mara nyingi ombi hilo ndilo hufupisha mazungumzo: mlango uliokuwa na miaka mia mbili asubuhi hukiri, kabla ya adhuhuri, kwamba ulichongwa juzi.