Mtoto Anayetema Mchicha: Tuanze na Kisu

Mtoto wa miaka miwili akitema mboga, watu wazima hutazama uso wake. Mpishi atazame kilichotemwa. Aghalabu ni bua la mchicha lililobaki na nyuzi zake, au jani zima lililojikunja, limeloa mate lakini halijaguswa na jino. Ugali uliokuwa kwenye tonge lile lile umeshamezwa. Mtoto ameichambua mboga mdomoni, kazi iliyopaswa kumalizikia kwenye ungo.

Pishi ninalolichambua hapa ni mchicha wa nazi wa chakula cha usiku, anaoupika dada yangu kwa nyumba yenye watu wazima, mwanafunzi wa shule ya msingi, na kitinda mimba anayekaribia miaka miwili na nusu. Kwa miezi kadhaa mtoto huyo alikula ugali, wali na mchuzi wa samaki, na kila cha kijani alikisukuma pembeni kwa kidole kimoja. Dada alijiwekea sharti: sufuria moja. Anarudi kutoka kazini jua likielekea kuzama. Hana muda wala gesi ya kumpikia mtu mmoja chakula chake.

Pishi hili limeshinda kwenye kisu. Magego ya kwanza ya utotoni huota kwa kawaida kati ya miezi 13 na 19, na yale ya nyuma, yenye kazi hasa ya kusaga, kati ya miezi 23 na 33. Mtoto wetu yuko katikati ya safari hiyo. Kiazi anakiponda kwa ulimi, lakini jani lililopikwa halipondeki. Linateleza, linanata kwenye kaakaa, linataka kusagwa upande kwa upande. Mkato wetu wa kawaida unaongeza taabu. Tunafumbata majani kiganjani na kukata nyuzi nyembamba ndefu, mkato wa sukuma wiki unaopendeza macho. Kwa mtoto, uzi wa namna hiyo ncha moja iko kooni na nyingine ingali ulimini. Atakohoa, na kesho atakumbuka. Dada anakata mara mbili: kwanza kama kawaida, kisha analigeuza lundo kwenye kibao na kulikata tena kwa kukingama, mpaka kipande kinakuwa kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Mabua laini ya juu yanaingia. Ya chini yenye nyuzi yanatupwa bila huruma. Kuosha hufanyika kabla ya kukata, ili vitamini zinazoyeyuka zisiondoke na maji ya bomba.

Watu wazima walilalamika kidogo kwamba mboga imekuwa kama ya hospitali. Wamezoea.

Hatua ya pili ina ubishi. Anachemsha maji, anatumbukiza mchicha kwa muda mfupi mno, anauchuja na kuyamwaga maji hayo. Waliofundishwa lishe watashtuka, na wana haki, kwani sehemu ya vitamini C na foleti inaondoka nayo. Lakini mchicha una oksaleti nyingi, zile zinazoacha meno yakikwaruzana kama yamepakwa chaki, na sehemu yake kubwa huyeyuka katika maji ya moto. Kwa mtoto asiyekula mboga hata kidogo, naona biashara hiyo inalipa. Kwa matembele au chainizi nisingeifanya. Hizo hazina ukwaruzo wa kiasi hicho, na zinastahili kuiva katika maji yao wenyewe.

Sufuria haifunikwi. Jani linapoiva hutoa asidi kidogo, na chini ya mfuniko asidi hiyo hurudi na mvuke na kuigeuza rangi kuwa ya zeituni iliyochoka. Sufuria ikiwa wazi, sehemu ya asidi hiyo hupotelea hewani. Kuna njia ya mkato inayojulikana toka zamani, magadi, ambayo hulainisha jani haraka na kuliacha kijani cha kung'aa. Dada hatumii, nami namuunga mkono: magadi huharibu vitamini C na B1, na yakizidi chembe kidogo mboga huwa na ladha ya sabuni. Mtu mzima huisamehe ladha hiyo. Mtoto hana sababu ya kuisamehe.

Kuunga ndiko kunakoondoa uchungu. Kitunguu kinapikwa kwa moto mdogo hadi kinalainika na kuwa kitamu chenyewe, bila kuungua. Karoti iliyokunwa inafuata. Nyanya inakaangwa mpaka mafuta yanajitenga, na hapo tu ndipo mchicha unaingia. Ukiuweka na nyanya mbichi, utakaa na asidi ya nyanya muda mrefu zaidi, nayo itafanya kile kile ambacho mfuniko ungefanya. Tui jepesi linatangulia, tui zito linakuja mwishoni huku likikorogwa lisikatike. Mafuta ya nazi yana kazi mbili hapa. Yanaulainisha uchungu ulimini, na pia karotini ya mchicha na karoti, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri pakiwa na mafuta. Mchicha wa chukuchuku unaosifiwa kuwa ndio wa afya humpa mtoto kidogo kuliko tunavyodhani.

Halafu chumvi. Mwaka 1997 watafiti Paul Breslin na Gary Beauchamp walionyesha katika jarida la Nature kwamba chumvi huongeza ladha kwa kuzima uchungu. Mtoto mdogo hatakiwi chumvi nyingi, lakini chembe chache zilizotiwa mapema, zikaenea, zinafanya kazi kuliko kijiko kinachonyunyizwa juu ya sahani. Sukari, ambayo majirani wamemshauri aweke, haihitajiki pale kitunguu kilipopewa muda wake.

Baada ya tui zito, na kabla ya pilipili na chumvi ya mwisho, sehemu ya mtoto inachotwa. Hapo sufuria moja inakuwa mboga mbili bila kazi ya ziada. Tahadhari moja tu: mbinu hii ya kuchota mapema isihamishiwe kwenye kisamvu. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi, ambayo hutoka kwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi. Kisamvu hakina hatua ya mtoto. Kimeiva kwa wote au hakijaiva kwa yeyote. Na kikiungwa kwa karanga, ziwe zimesagwa laini, kwa sababu punje nzima humkaba mtoto.

Wengi wangefikiri kazi imeisha hapo, au wangeuponda mchicha na kuuficha ndani ya wali. Sikubaliani na kuficha. Mwaka 1982, Leann Birch na Diane Marlin, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa watoto wa miaka miwili vyakula vigeni kwa idadi tofauti za mara, na kadiri mtoto alivyokuwa amekionja chakula mara nyingi, ndivyo alivyokichagua zaidi. Chakula kilichofichwa hakijuani na mtoto. Kimepita tu. Ndiyo maana dada anauacha mchicha uonekane kijani, kijiko kimoja, kando ya ugali, bila kuuchanganya. Hakuna ndege inayoruka kuelekea mdomoni, hakuna ahadi ya biskuti. Mtaalamu wa lishe Ellyn Satter aligawa kazi hivi: mzazi huamua kinacholiwa, saa na mahali; mtoto huamua kama atakula na kiasi gani. Kwa mila zetu za kulazimisha tonge la mwisho, mgawo huo unasikika kama utovu wa malezi. Sinia, hata hivyo, linausaidia: mtoto anaona mikono yote ikielekea kwenye mboga ile ile, na mkono wa kaka yake unamshawishi kuliko maneno ya mama.

Alianza kwa kuchovya ugali kwenye tui la kijani. Baadaye vipande vikaingia pamoja na tui, navyo havikurudi. Bamia bado anaikataa kabisa, hata ikikaangwa na nyanya ili kupunguza utelezi. Sidhani utelezi ni kitu ambacho mtoto huzaliwa akikichukia. Huko Dodoma wapo wanaokua na mlenda tangu wanapoanza kula. Mazoea huanza hata mapema zaidi: kundi la mtafiti Julie Mennella huko Philadelphia lilionyesha mwaka 2001 kwamba watoto ambao mama zao walikunywa juisi ya karoti wakati wa ujauzito au kunyonyesha waliipokea vizuri zaidi nafaka yenye ladha ya karoti. Dada hapendi bamia, na alipokuwa mjamzito hakuila.

Ningebadilisha kitu kimoja katika mpango wake, nacho hakiko jikoni. Mtoto hupewa kikombe cha uji wa maziwa saa kumi na mbili jioni ili atulie mama akipika, na mboga hufika saa mbili kasoro, njaa ikiwa imeshatulizwa. Uji huo usogezwe hadi saa kumi, kabla hata mchicha haujachambuliwa.